Ng'ombe wa Pepa na Matofali ya André

Karibieni, wanangu, karibieni kabisa. Lydie, zima ile redio, na wewe André, weka simu mufukoni, maana leo njo siku niliyoingojea maisha yangu yote: ninasema, na hakuna muntu atakayesimama akiniambia, Papa Emile, tutamalizia kesho. Munganga amesema moyo wangu umechoka. Mimi ninaona ni miguu tu imevimba, moyo wenyewe unaruka kama ndagala ndani ya wavu. Lakini kama kufa njo kunanipatia watu wa kunisikiliza mupaka mwisho, basi nitakufa vizuri, nitakufa kushinda wote waliokufa katika mutaa huu.

Mali kwanza, ili musianze kuangaliana kwa pembe za macho. Nyumba hii ni ya mama yenu Philomène, na asitokee wa kumuhamisha hata chumba. Shamba la mihogo, lile la njia ya Bendera, ni la Lydie, kwa sababu yeye njo amelilima, sisi wengine tulikuwa mafundi wa kula. Baiskeli achukue André. Sufuria kubwa si yetu, ni ya Mama Tina, tuliiazima siku ya ubatizo. Muirudishe ikiwa imesuguliwa, musinifanye nikutane na marehemu mume wake kule ninakokwenda nikaangalia chini. Suti ya kijivu munizike nayo.

Sasa tufike kwenye barza, pale mbele ya nyumba tunapokaribisha wageni. Nimelala, lakini dirisha ninaliona, na yale matofali yaliyopangwa kule mbele si ya choo. André, mwanangu mukubwa, unataka nikisha kuzikwa uzibe barza, utie mulango wa chuma, ufungue butiki ya sabuni na mafuta, na umemuambia mama yako kwamba wageni wamekula nyumba hii inatosha. Sikukasirika. Ulikuwa mudogo wakati wa vita, ulisikia mulango ukigongwa na watu ambao hawakuja kuomba maji ya kunywa, nami sitamucheka muntu kwa woga wa namna ile. Hata yule mugeni wa Kabalo aliyelala hapa akaondoka na viatu vyako vya shule, ninamukumbuka sana. Lakini, baba, hadithi aliyotuachia ilikuwa nzuri kupita viatu.

Nyumba yetu inaangalia kituo cha treni. Treni inatangazwa leo, inafika siku inayotaka yenyewe, na watu wanalala juu ya mizigo yao kama mihogo iliyoanikwa. Mimi shule ilinishinda mapema, niliiacha kabla ya kujua Ufaransa iko upande gani, lakini nilikuwa na barza, na mama yenu alikuwa na mukono wa kupika. Hata askofu hajala ndagala namna ile. Nikamuambia aongeze unga kidogo kwenye sufuria. Sharti letu munalijua: mugeni anakula kwanza, haulizwi jina wala safari mupaka anawe mikono. Maana mugeni mwenye njaa atakudanganya ili umuhurumie, lakini akisha kushiba anadanganya kwa raha, na uongo wa raha ni mutamu zaidi.

Pale nimezunguka dunia bila kuvuka muto Lukuga. Nilimupa chai muvuvi wa Moba, akanipa hadithi ya samaki aliyemuvuta na mutumbwi wake mupaka ng'ambo. Yule samaki nimemuongezea urefu mimi mwenyewe, ni kazi ya mikono yangu. Nilimupa mukeka mama mumoja wa Kigoma, akanipa mutoto aliyezaliwa ndani ya mashua katikati ya mawimbi, wakamuita jina la injini. Vile vilikuwa vitu vyangu. Basi ndugu yangu Toussaint akaenda kwenye kilio cha jirani, akasimulia yule mutoto kama vile yeye njo alishika taa siku ya kuzaliwa, watu wakacheka, hata mufiwa mwenyewe akacheka, na mimi nimekaa pale kama kiti. Tangu siku ile sijamusemesha. Mumuite kwenye kilio changu, akae mbele, asimulie. Anadanganya vibaya, lakini sauti anayo.

Nipeni maji kidogo. Vizuri. Sasa ile kubwa, ambayo sijamupa muntu yeyote.

Alikuja mwanaume wa Pepa, muchungaji, koti lake linanuka maziwa. Alikula bila kusema. Alipokwisha kunawa, akatoa kengele ya ng'ombe ndani ya mufuko, akaiweka mbele yangu. Akasema, wakati wa vita tulikimbia kule juu Marungu, mimi huku, mudogo wangu Bénit kule, ng'ombe wakapotea, na Bénit naye akapotea. Nilirudi peke yangu, nikaanza tena. Asubuhi moja ninafungua mulango, ng'ombe wetu mwekundu, yule wa pembe moja, amesimama nje kama vile alikuwa amekwenda kunywa maji tu, na shingoni ana kengele ambayo sikumuvalisha mimi. Angalia, akasema, imekatwa kwenye chuma cha reli, na kwetu Pepa hakuna reli. Angalia na kamba. Nikaangalia, wanangu, kwa macho haya. Kamba ilikuwa mupya, na fundo limefungwa kinyume, vile anavyofunga muntu wa mukono wa kushoto. Bénit alikuwa wa mukono wa kushoto. Akasema, ninakwenda Kabalo, kule reli zinakokutana, nitapiga kengele hii mulango kwa mulango. Lakini kuna jambo moja juu ya yule ng'ombe ambalo sijakuambia, Papa Emile. Akakohoa. Na pale pale treni ikalia, ile treni iliyolaza watu chini juma zima ikaona haraka saa ile, akaruka na kengele yake, chai ikabaki inatoa moshi.

Unasema nini, André? Sema kwa nguvu, mama yako asikie.

"Papa, alimupata?"

Sijui. Mimi ninayejua mwisho wa kila kitu, na mwisho nisioujua ninautunga, ule peke yake niliogopa kuutunga. Tangu siku ile ninaangalia kila treni inayotoka Kabalo. Atashuka yeye, ama Bénit, ama muntu aliyewaona, na atakuwa na njaa. Akikuta mulango wa chuma, atakwenda kula kwingine, na mwisho utabaki kwingine.

Usiinamishe kichwa. Butiki ijenge, sikukatazi, ijenge upande wa jikoni. Matofali yatakayobaki uinue nayo benchi la barza, lile la zamani linawaumiza watu mugongo. Na barza ninakuachia wewe, si Lydie. Lydie angewapa chakula. Wewe njo umeuliza.

Mungu awape unga usiotangulia wageni kwisha. Awape watoto wenye masikio. Na pale mutakapofika mahali musipojulikana, mupate muntu wa kuwapa maji.

Lydie, inua kichwa changu... hapo. Pumzi inakuwa fupi. André, simulia wewe, nisikie kama umeishika. Anza na koti. Ndiyo... alikula bila kusema... ndiyo. Pembe moja, vizuri. Pole pole, mutoto wangu. Kwenye fundo simama kidogo, waache wakuangalie... Sasa endelea. Hapo... hapo ongeza kidogo, baba. Ongeza tu...