Matanga ya Nsimire

Sogezeni viti, wanangu, msinifanye nipaze sauti, maana pumzi niliyobakiwa nayo nataka iishie kwenye maneno. Byamungu, njoo upande huu wa dirisha. Cibalonza, kaa hapo hapo miguuni, na hiyo kamera yako iweke chini, mama, najua mkono unakuwasha, lakini maneno ya leo si ya kuonyesha watu, ni yenu wawili. Mchungaji Elisée ameshaniombea, daktari ameshasema lake, na mimi mwenyewe nakisikia kifua changu kinavyojifunga. Bon. Nisikilizeni.

Tangu siku ile ya matanga ya mama yenu hamsalimiani. Mnakuja kuniona kwa zamu kama walinzi wa ghala, mmoja akiingia mwingine anatafuta funguo za gari. Ndiyo maana leo kila mmoja nimemdanganya kwamba mwenzake yuko kazini, na sasa mko hapa wote, mlango umefungwa, na mgonjwa hanuniwi.

Nianze na Nsimire, maana yote yametokana naye. Cibalonza, wewe ulikuwa mchanga mno siku tulipokimbia vita kutoka kwetu Walungu, ukiwa umelala mgongoni mwangu wakati risasi ilipompata mama yako ubavuni, na ulipoamka alikuwa ameshakata roho. Hukumjua, na hatukuokoa hata picha yake moja. Byamungu, wewe ulikuwa umeshaanza kuchunga mbuzi, uliona kila kitu, ulituona tukimchimbia kaburi kando ya migomba kwa jembe la kuokota, bila sanda, bila wimbo, na mimi kila mara naacha jembe nakuja kukuziba mdomo, kwa sababu kilio chako kingewaleta wale watu wa bunduki juu yetu. Siombi msamaha kwa mkono ule, papa. Ndio uliowafikisha hapa. Ila najua mpaka leo unausikia.

Kwa hiyo Cibalonza aliposema anataka kutengeneza filamu ya mama yake, nilimwelewa papo hapo, na kaka yake alipokataa, naye nilimwelewa. Mmoja alitaka kumwona mama asiyemjua, na mwenzake kila akifumba macho anamwona bila kutaka. Ningekuwa na watoto wapumbavu ningewagombeza. Nyinyi hamkuwa wapumbavu, mlikuwa na uchungu tu, na mtu mwenye uchungu hagombezwi.

Cibalonza, unakumbuka tulivyozunguka Amerika hii kutafuta mfadhili, mimi na koti langu la kanisani, wewe na makaratasi yako? Kule Columbus, Ohio, kitongoji cha Reynoldsburg, Harun, yule Mkenya aliyekuja kusoma akabaki na kazi ya ofisini, alitupa chai ya maziwa, akakusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Dada, story ni poa, honestly, lakini hii ni business ama ni charity? Wenye kuweka pesa watarudishiwa nini?” Nikamjibu mimi kwamba watarudishiwa mama yako. Akacheka kwa adabu, akatusindikiza mpaka kwenye gari, tukarudi hapa Louisville mikono mitupu, nawe ukalia njia nzima ukijifanya una mafua.

Na waigizaji! Wa kuwa wanajeshi walipatikana, vijana walijipanga mpaka nje. Wa kuwa wakimbizi ndio usiseme, hiyo kazi sote tumeifanya bila kufundishwa. Lakini wewe ulitaka filamu ionyeshe na matanga ambayo mama yako hakuyapata, kwa hiyo, donc, alitakiwa mwanamke wa kulala ndani ya sanduku awe Nsimire, na huyo hakupatikana Louisville nzima. Nani wa kwetu atajilaza palipotandikiwa maiti? Mmoja mume wake alimkataza, mwingine aliota vibaya, mwingine akabadilisha namba ya simu. Mpaka tulipofika Buffalo, kwa Kavugho pale East Side, yule mjane anayehudumia wazee kule Lackawanna, naye akatucheka, “Papa, bazee banakufaka mu mikono yangu, sasa nitaogopa sanduku ya mbao?” Mungu amweke mama yule.

Sasa lile kosa. Byamungu, nataka ulisikie kutoka kwangu, maana hukukaa kulisikia siku ile. Dada yako aliwaandikia waigizaji wake kwenye simu: matanga ya mama yetu ni Jumamosi, ukumbi wa kanisa, Louisville, njoni na vitenge vyeusi. Hakuandika neno filamu kwa sababu aliowaandikia walijua. Shemasi Adriano wa Columbus, aliyekuwa amuigize mchungaji, akaona heri awajulishe na waumini wake waje kutazama, akaupeleka ujumbe kama ulivyo kanisani kwao, na kutoka pale ukafika Buffalo. Na nyinyi mnajua tulivyo. Mtu wa kwetu ukimwomba mchango wa filamu atakuuliza maswali mpaka jua lizame, lakini akipata ujumbe wa msiba haulizi kitu, anawasha gari. Wengine walidhani nina mke niliyemwacha kambini Tanzania. Hawakuuliza. Walikuja na masufuria ya maharage, na bugali umefungwa kwa blanketi usipoe, na bahasha za kusaidia wafiwa.

Cibalonza alikuwa kwenye kamera yake, akadhani Adriano amemletea waigizaji wa nyongeza. Mimi nilikuwa nimekaa kichwani mwa sanduku. Nilipoona mtu anainama kunipa mkono na machozi ya kweli, na nyuma yake namwona Harun mwenyewe na suti nyeusi, nikasimama, nikasema, jamani, mama wa watoto hawa alikufa kweli, lakini ni zamani, njiani, na hapa tulikuwa tunaigiza. Ukumbi ukazizima. Kavugho naye, kusikia kimya, akainuka akaketi sandukuni aone kuna nini. Mama mmoja wa Columbus akaangusha sufuria, kwaya ya Buffalo ikakimbilia mlangoni. Cheka, Byamungu, nimekuona. Cheka tu.

Adriano, kwa aibu mbele ya waumini wake, alisahau kwamba naye ni mwigizaji, akataka kutulaani, akasema tumefanya kifo mchezo, na hapo ndipo wewe, uliyekuwa umekuja kunileta tu, ulipomwambia dada yako kwamba amemgeuza mama tangazo, ukatoka. Ulichokosa ni hiki. Yule mama wa sufuria, maharage yakiwa bado kwenye viatu vyake, aliniuliza, “Aliitwaka nani?” Nikasema, Nsimire. Na mwanangu, tangu kando ya ile migomba nilikuwa sijalitamka jina lile kwa sauti. Yule mama akalishika, akamlilia kwa jina lake, Nsimire we, Nsimire we, na wenzake wakampokea, na kila mmoja akaongeza wa kwake aliyeachwa njiani, mpaka Adriano mwenyewe akakaa chini. Harun alilia kuwapita wote, kwa sababu mama yake alizikwa Machakos yeye akiwa Ohio anatazama kwenye simu. Na mimi nililia, Byamungu. Baba yako nililia. Ulikuwa kwenye maegesho, ndani ya gari, madirisha umeyapandisha.

Baadaye ulizirudisha zile bahasha mlango kwa mlango, ukitetea jina letu, na ulifanya vizuri. Zile ambazo wenyewe walikataa kurudishiwa ziko kwa mchungaji, na zimalizie filamu, maana waliotoa wamesema matanga yalikuwa matanga.

Nipeni maji kidogo. Bon.

Sina mali ya kugombaniwa. Gari ni la Cibalonza, azungushie vyombo vyake vya filamu. Redio mpelekeeni Kavugho. Koti langu la kanisani na lile jembe tulilonunua kwa ajili ya filamu ni vya Byamungu, na hapa nisikilize vizuri, maana ndilo nililowaitia. Harun amesema atalipia sehemu iliyobaki, yaani kuzikwa kwa Nsimire, majani yakichipuka, kwenye vile vilima vya nje ya Louisville vinavyofanana na kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa nijiigize mwenyewe. Majani sitayaona. Dada yako amemjaribu Liberati, kijana mzuri, ana sauti, ila anachimba kama mtu anayepanda maua. Byamungu, wewe ndiye utakuwa mimi. Usitikise kichwa. Una mabega yangu, na hapa Amerika hakuna mwingine anayejua shimo lile lilikuwa na kina gani. Dada yako anamtafuta mama yake gizani, na taa unayo wewe. Utachimba kama nilivyochimba. Watakuletea mtoto, utamziba mdomo kama nilivyokuziba. Halafu Cibalonza akisema basi, utautoa mkono, umwache mtoto alie, nawe ulie naye, kamera iwe imezimwa au inawaka, haidhuru.

Lakini kwanza mnizike. Na kuna jambo moja linanitia wasiwasi, mtaniona mzee mtoto. Mkitangaza kwamba nimekufa, watu watasema, ni filamu tena. Hawatakuja. Nsimire alizikwa bila watu, mimi sitaki. Cibalonza, wewe usiandike neno, mama, samahani, ujumbe wako hauaminiki tena. Byamungu apige simu mwenyewe, kwa sauti yake, Columbus na Buffalo, kwa Adriano kwanza. Wewe hujawahi kuigiza. Watakuamini. Ndiyo maana nasema simu kwanza, filamu baadaye.

Siku ya mazishi kamera ibaki nyumbani. Mkae benchi moja. Wajukuu wanaojibu kwa Kiingereza waacheni wajibu kwa Kiingereza, bora waje.

Ninawabariki. Mungu aliyetutoa Walungu awa… awafunike. Cibalonza, upate mama. Umwone mpaka utosheke. Mpe kaka yako mkono. Hivyo. Usiuachie haraka.

Byamungu. Nipe… hapana, shika huu wangu wa kulia, ndio ule. Uinue, ulete mdomoni kwako. Unaona ulivyo mwepesi? Hauna nguvu tena. Hauwezi kumziba mtu. Hapa Louisville wakikusikia watakuja na masufuria tu, papa. Lia. Kwa sauti… lia, mwanangu, nikusikie.