Shaya Nusu na Wakoma Wake Wanne

Marehemu Shaya Krongold alizaliwa Carlton, Melbourne, tarehe 9 Mei 1940, siku ya mwezi mwandamo. Alikuwa mtoto wa pekee wa marehemu Mendel na marehemu Gitl, waliofika kutoka Białystok miaka miwili kabla wakiwa na cherehani na maneno machache ya Kiingereza, mengi yao ya kuomba radhi. Alitahiriwa siku ya nane kama inavyopasa. Alilia sana siku hiyo, na waliomfahamu watakubali kwamba malalamiko hayo hayakuisha.

Marehemu alisoma shule ya serikali ya mtaani, na jioni alipelekwa kujifunza Kiebrania kwa marehemu Mwalimu Tischler, mtu aliyejaliwa ndevu nyingi na elimu kiasi. Huyu ndiye aliyemwandaa kwa barmitzva, siku mvulana wa miaka kumi na mitatu anaposimama sinagogini kusoma kipande cha manabii mbele ya watu wazima. Ilikuwa Sabato ya tarehe 18 Aprili 1953, kwa kuwa miaka hiyo huhesabiwa kwa kalenda ya Kiyahudi. Sabato hiyo sura mbili za Torati zilisomwa pamoja, na zikiunganishwa hivyo, kipande cha manabii kinachofuata ni cha sura ya pili, kile cha wakoma wanne waliokaa nje ya lango la mji. Mwalimu alikuwa amemfundisha cha sura ya kwanza. Marehemu alipofungua kinywa, wanaume wote wakapiga meza kwa viganja.

"Siyo hicho! Siyo hicho!"

Mwalimu Tischler akainuka, akapangusa miwani. "Nilimfundisha vyote viwili. Mtoto mvivu huyu, kashika nusu tu."

Ulikuwa uongo mtupu. Baba yake alijua, akainamia viatu vyake. Mchana watu wale wale walikula samaki wa kusaga na keki ya asali waliyoandaliwa na Bi. Gitl, wakajilamba vidole, na walipotoka mlangoni mtoto wake alikuwa tayari ana jina jipya: Shaya Nusu. Lilimfuata shuleni, likamfuata uwanjani timu ya Carlton ikicheza, na waliolitumia zaidi ni waheshimiwa wenye viti vya mbele.

Marehemu alianza kazi mwaka 1955 akiwa mkata vitambaa katika viwanda vya nguo vya Flinders Lane, na mwaka 1971 akafungua karakana yake ya makoti. Nusu ya waheshimiwa hao walivaa makoti yake. Alikuwa akisema amewapima wote kiunoni, na hakuna aliyekuwa mnyoofu.

Tarehe 8 Machi 1964 alifunga ndoa na Bi. Perla Zylber, wakajaliwa binti wawili, Mira na Dorit. Bi. Perla alimpeleka sinagogini kwa ajili ya harusi, na hakumwona tena humo kwa miaka mingi. Kila Siku ya Upatanisho, watu wakifunga na kujipiga vifua, marehemu aliegesha gari upande wa pili wa barabara, akashusha kioo na kula maandazi ya Kichina ya nyama ya nguruwe, taratibu, harufu iwafikie.

"Una aibu wewe?" mkewe alimuuliza.

"Ninayo. Ila nimeiacha kule ndani mwaka hamsini na tatu. Ukiiona niletee."

Mwaka 2001 Mzee Mendel alifariki, na mwana ndiye anayepaswa kumsomea baba yake sala ya wafu kwa miezi kumi na mmoja. Marehemu alikwenda. Alishika kitabu, akafumba macho kwa uchungu wa uongo, kwa sababu herufi zilikuwa zimemtoka kabisa. Jambo hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe. Akiwa na miaka sitini na mmoja alijiunga na darasa la Kiebrania la wazee mtaani Balaclava, akaanza tena alefu na beti, akiwadharau wenzake kwa uvivu na mwalimu kwa ujana wake. Alisoma miaka ishirini. Tusidanganyane kwamba alitafuta imani. Imani ilimjia baadaye, kwa mlango wa nyuma, naye hakuikaribisha kiti. Alichotaka ni kusimama pale pale, kusoma wakoma wake wanne mpaka mwisho, halafu kuwatazama.

Desturi humruhusu mtu kufanya barmitzva ya pili akifika miaka themanini na mitatu, yaani sabini ya umri kamili, kisha kumi na mitatu mipya. Mpanga zamu wa sinagogi sasa ni Bwana Leibl Tischler, mwana wa mwalimu, aliyerithi kiti cha baba yake pamoja na kichwa chake. Alimwandikia marehemu zamu ya tarehe 22 Aprili 2023. Ijumaa, saa chache kabla ya Sabato, akapiga simu.

"Mzee Shaya, nimepitiwa. Kesho ni mwezi mwandamo. Kinasomwa kipande kingine, cha wakoma hakisomwi."

"Na mimi niliyezaliwa mwezi mwandamo nimesahau," marehemu akasema. "Mpe mtu mwingine. Sichukui nusu tena."

Mwaka 2024 Sabato ya wakoma ikaangukia ile ya kabla ya Pasaka, ambayo nayo ina kipande chake. "Wakoma wangu wamefukuzwa mjini tena," alisema. Wakati huo mapafu yalikuwa yameanza kumsaliti, akitembea na mtungi wa hewa.

Aliyempeleka darasani miaka yote hiyo ni mkwewe Ruvi Lasker, mume wa Dorit, fundi bomba, shabiki wa Collingwood, mahasimu wa Carlton, ambaye marehemu hakuwahi kumwita jina lake.

"We kichwa boga, endesha. Na uzime redio, ninasoma."

Alisoma njia nzima, kwa sauti, kwenda na kurudi, na kila neno alilokosea alimlaumu kichwa boga kwa kupita kwenye mashimo.

Marehemu alifariki hospitalini Jumatano tarehe 30 Aprili 2025, Sabato ya wakoma ikiwa karibu kabisa. Hakuwasamehe Tischler, baba wala mwana, na familia haimwombei radhi kwa hilo.

Jioni hiyo Bwana Leibl alikuja nyumbani, akasema yeye atakisoma, kwa heshima ya marehemu. Bi. Perla akamsogezea kikombe.

"Leibl mwanangu, kunywa chai yako uende."

Marehemu ameacha mjane, Bi. Perla, binti zake, Mira na Dorit, wajukuu Talia, Yoni na Noa, na mkwe mmoja, asiyejua Kiebrania cha kutosha kuagiza mkate, lakini anakijua kipande cha wakoma wanne chote kwa moyo, kwa sauti ya marehemu, pamoja na makosa yake. Kesho asubuhi atakisoma, mpaka mwisho. Meza za sinagogi ni za mbao nzuri, atakayezipiga azipige.

Pumzika sasa, Mzee Shaya. Anayesoma karatasi hii ni kichwa boga, na redio imezimwa.