Bi Sikitu Mkangawalo na Nyumba Zinazofungwa Msimu wa Mpunga

Jumatano hii, tarehe 30 Juni 1999, Bi Sikitu Mkangawalo anatimiza miaka ishirini na miwili ya kuwakatia watu bima za nyumba katika bonde hili, na siku hiyohiyo anakabidhi funguo za tawi la Ifakara. Tumefurahi mpaka tumekodi turubai mbili. Makao makuu yaliahidi kuchangia sherehe. Mpaka naandika haya hayajachangia, na ng'ombe tumenunua wenyewe.

Aliajiriwa mwaka 1977 akiwa karani. Aliwafundisha kazi mameneja wanne, wote wakapandishwa vyeo na kuhamia mjini. Yeye akapewa baiskeli, tena ya mkono wa pili. Umeneja ulimfikia mwaka 1994, baada ya wote waliokuwa wakiutaka kukataa kuja kuishi na mbu wetu.

Waliowahi kukaguliwa nyumba na Bi Sikitu wanaujua mtindo wake. Hakai kwenye kiti alichowekewa. Anazunguka nyuma ya nyumba, anapapasa ukuta, anauliza maji ya mwaka ule mbaya wa mafuriko yalifika wapi. Halafu hakuulizi ulijenga kwa shilingi ngapi. Anauliza: "Ikianguka leo, utaisimamisha kwa ngapi?" Mteja mmoja wa Katindiuka alimletea bata badala ya ada ya bima. Bata aliishi ofisini wiki mbili, na mkaguzi wa hesabu aliyetutembelea akamwandikia hoja ya ukaguzi. Bi Sikitu alijibu kwa maandishi kwamba bata amekwishapata mnunuzi, na fedha zimeingia benki.

Lakini mwaka wa kumsimulia ni 1997. Septemba redio ilipotangaza kwamba mvua zijazo zitakuwa kubwa kupita kawaida, aliitoa mikataba yote kabatini, akaisoma mmoja mmoja, kisha akapiga meza. "Tumewauzia watu bima ya moto, na adui yao ni maji! Tena tumeandika kwamba nyumba ikifungwa siku thelathini, bima haipo. Nani hapa hafungi nyumba?"

Kweli, nani? Desemba ikifika nusu ya mji inahamia shambani, inaishi kwenye vibanda vya mpungani hadi mavuno, na mjini kinabaki kitasa. Masharti yale aliyaandika mtu ambaye mpunga anaufahamu ukiwa wali. Kwa hiyo mteja alilipa mwaka mzima, na miezi ile ile ya mafuriko hakuwa na kitu.

Bi Sikitu akapiga simu makao makuu kuomba mafuriko yaongezwe kwenye bima, na sharti jipya: nyumba ya aliye shambani ihesabiwe kuwa inakaliwa. Wakasema ni hasara tupu. Akawaambia kila nyumba ataikagua mwenyewe, na hasara ikizidi ada wamfukuze bila mafao. Wakubwa wakakubali haraka sana. Miaka ishirini ya mtu ikawekwa rehani hivyo, kwa simu, na sisi tumesimama mlangoni tunasikia.

Alikagua nyumba sitini na moja kabla ya Desemba. Iliyomtoa jasho ilikuwa ya Mabula, mfugaji wa Lumemo aliyetoka Shinyanga.

"Mama, ng'ombe wangu mia wanaishi bila bima, itakuwa nyumba?"

"Ng'ombe wanaogelea, Mabula. Ukuta huu wa udongo umeshawahi kuuona ukiogelea?"

Alipokubali, akataka kuandikisha laki sita, gharama aliyojengea mwaka 1988. Bi Sikitu akamweleza kwamba kuijenga upya sasa ni milioni tatu. Akikata bima ya sehemu ya tano, atalipwa sehemu ya tano ya hasara. Mabula akacheka, akasema wanawake wa ofisini wanapenda kutisha. Hapo mkewe, Kabula, aliyekuwa akipepeta mchele, akaweka ungo chini: "Baba Sayi, wewe bati ulinunua lini mara ya mwisho? Andika milioni tatu, mama. Huyu hana habari za dukani."

Januari Mto Lumemo ulitoka mahali pake. Mabula na Kabula walikuwa shambani Michenga, mlango umefungwa wiki ya sita. Kuta mbili zilikwenda. Hasara ilikuwa milioni moja na laki nne, na alilipwa kwa hesabu hiyo. Kwa laki sita zake angepata laki mbili na themanini elfu. Bila sharti la shambani, sifuri. Nyumba kumi na tisa zililipwa mwaka ule, na mwaka uliofuata wateja walijaa mpaka hasara yote ikafidiwa na chenji ikabaki. Mafao yake yakapona.

Unadhani makao makuu walimshukuru? Machi mwaka huu waliandika kwamba, kwa kuwa sharti lilitegemea dhamana yake, litakufa siku atakayostaafu. Bi Sikitu akachukua likizo, akakata tiketi ya treni kwa fedha yake, akaenda Dar es Salaam. Mabula na Kabula wakamfuata. Walikaa mapokezi na gunia la mchele siku mbili, na Mabula akimwamkia kila mkubwa anayepita na kumuuliza yeye nyumba yake huwa anaifunga lini. Siku ya tatu walipokelewa.

Na wiki iliyopita jibu limefika, jamani! Sharti linabaki, kwa kila nyumba ya bonde hili, bila kutegemea jina la mtu. Tulipiga vigelegele mpaka benki ya jirani wakatoka nje kuangalia.

Mkataba wa kwanza chini ya utaratibu huo nimeuandika mimi jana: nyumba ya vyumba vitatu, Katindiuka, moto na mafuriko, kwa thamani kamili. Mwenye nyumba ni Bi Sikitu. Misimu ishirini na miwili mvua zilimkuta akikagua kuta za wenzake. Desemba hii anakwenda kulima mpunga wake.

Asante, mama, kwa kazi na kwa ubishi. Funga mlango uende shamba ukalale vizuri. Huku nyumba yako inahesabiwa kuwa ina mtu.

Salvatory Matimbwa
Ofisa Madai, Tawi la Ifakara