Macho ya Mama Rudia Yalikuwa Mazima

Wasifu huu unasomwa leo, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, na mdogo wake marehemu. Kabla haujapigwa chapa, rasimu yake iliwekwa siku ya Jumatano kwenye kundi la simu la familia ili kila mtu aisome na kusema palipo na makosa, maana marehemu asingekubali kuzikwa na karatasi iliyosomwa na mtu mmoja tu. Yalipokelewa maoni ishirini na saba. Ishirini na sita yalikuwa mepesi. La ishirini na saba litafika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya pili kutoka stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa karani wa tiketi na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Rasimu ilisema tarehe 12. Mama mdogo, ambaye alikuwepo siku hiyo, aliandika kundini: "Nani amekuambia kumi na mbili? Mimi ndiye niliyeshika taa. Kumi na mbili ni uchungu ulipoanza, mtoto akatoka kumi na nne. Dada yangu aliteseka siku mbili, msimpunguzie hata moja." Tarehe imerekebishwa.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari, na mwaka 1979 alihitimu cheti cha ufundi wa maabara. Alichelewa miaka miwili kuingia chuoni kwa sababu mama yao alifariki mwaka 1975, naye akabaki na mdogo wake wa miaka sita mgongoni. Huyo mdogo ndiye anayesoma hapa. Amejiandika kama mtu wa pembeni kwa kuwa ndivyo wasifu unavyoandikwa, na anaomba isionekane kwamba anajificha.

Dada alimfundisha kuhesabu kwa vifungo vya mama yao, vilivyokuwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Alivihesabu yeye kwanza, akaandika idadi kwenye kikaratasi na kukifunika, halafu ikawa zamu ya mdogo wake. Siku moja mdogo alichoka, akachungulia kikaratasi, akatamka kwa kujiamini kabisa: "Arobaini na tatu!" Hakujua kwamba dada yake alikuwa ameshatoa vifungo viwili na kuvitia mfukoni.

"Umehesabu, au umechungulia?"

Mdogo akakodolea meza. Hakupigwa wala hakufokewa. Alimwagiwa vifungo upya na kuambiwa neno moja: "Rudia."

Tarehe 1 Julai 1980 marehemu aliajiriwa katika maabara ya hospitali ya rufaa, chumba namba sita, kile chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Alikaa hapo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2017. Kazi yake ilikuwa kutazama damu kwa hadubini na kuhesabu vijidudu, slaidi moja ya kioo baada ya nyingine, kidole gumba kikibofya kidude cha kuhesabia. Kila slaidi ilisomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuona jibu la mwenzake. Majibu yakipishana sana, alisema lile neno lake. Daktari mmoja alimjia juu: "Mama, mgonjwa anasubiri!" Naye, bila kuinua uso, akajibu: "Basi asubiri jibu la kweli, daktari." Jina la Mama Rudia lilianzia hapo. Hata mfagiaji wa korido akimaliza kupiga deki, wauguzi walimtania: "Rudia!"

Ni kazi hiyo iliyompa mume. Mwaka 1982 alipeleka saa ya maabara kwa fundi saa wa mtaa wa soko. Fundi akaitazama, akasema haina tatizo. Marehemu akasema inachelewa sekunde nne kwa siku. Fundi aliitunza wiki nzima, akaipima kila asubuhi, na mwisho akairudisha maabara mwenyewe, amechomekea shati. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983 na kujaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi. Kuhusu aya hii shemeji aliandika kundini: "Zilikuwa sekunde tano. Nne alisema yeye. Nilimwachia miaka arobaini na mbili."

Mwaka 2018, kustaafu kulipoanza kumchosha, binti yake alimfungulia kompyuta na kumwonyesha kikundi cha wasomaji. Kwa wasiojua: siku hizi watafiti huweka makala zao wazi mtandaoni zikiwa bado rasimu, kabla jarida lolote halijazikagua. Kikundi hiki huzichukua na kuzisoma. Hakihitaji mwaliko wala shahada. Kuna mfamasia ambaye ndiye mratibu, kuna walimu, wauguzi, wanafunzi na watu wa takwimu. Hukutana kila Jumamosi saa nne asubuhi, wanasoma rasimu moja kwa pamoja, na maoni yao huwekwa hadharani chini yake yakiwa na jina la mtoa maoni. Mtu akiwa na undugu au urafiki na mwandishi, sharti aseme.

Marehemu aliingia kwa woga wa siku mbili tatu hivi, halafu akawa kama yuko chumba namba sita. Alichora daftari lake safu tatu: Lililo Jema, Nisiloelewa, La Kurudia. Hakuruhusu mtu aanze na safu ya tatu. "Mtu amehangaika miaka mitatu," alikuwa akiwaambia, "mwambieni kwanza alichopatia." Watafiti wenye vyeo virefu walimwandikia kumshukuru, na yeye aliwasomea majirani barua hizo akijifanya amezifungua kwa bahati tu. Kwa miaka mitano alisoma rasimu mia moja na themanini na saba.

Hapa rasimu ya wasifu huu ilisema: "Mwaka 2023 aliacha kazi hiyo ya kujitolea kutokana na macho yake kudhoofika."

Maoni ya ishirini na saba yalitoka kwa shemeji. Yalikuwa mafupi: "Macho yake yalikuwa mazima. Alitunga uzi kwenye sindano hadi mwezi uliopita, bila miwani. Hilo la macho ulilianzisha wewe. Likibaki, sitaki lisomwe mbele ya jeneza lake."

Shemeji ana haki. Ukweli ni huu, na mdogo wake anausoma akiwa amesimama.

Mapema mwaka 2023 mdogo wake, mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuwa akisubiri kupandishwa cheo, aliweka mtandaoni rasimu ya utafiti wake. Ilihusu kipimo kipya cha damu cha bei nafuu, kilicholinganishwa na hadubini kwa slaidi mia mbili na arobaini. Kila slaidi, iliandikwa, ilihesabiwa na watu wawili. Jumamosi ya tarehe 11 Machi ikawa zamu ya rasimu hiyo kikundini. Marehemu alianza kwa kutaja undugu wake, kama sharti lilivyotaka. Kisha akaandika kwamba kuanzia slaidi ya 180 hadi ya 240, hesabu za msomaji wa kwanza na wa pili zilikuwa sawa bila kupishana hata kijidudu kimoja. Aliongeza kwamba kwa miaka thelathini na sita hakuwahi kuona watu wawili wakipata sawasawa slaidi sita mfululizo, sembuse sitini na moja. Akaomba zihesabiwe upya.

Alikuwa amegusa penyewe. Msomaji wa pili aliacha kazi zikiwa zimebaki slaidi hizo sitini na moja. Mdogo wake hakutafuta mwingine. Aliijaza safu ya pili kwa mkono wake, akiitazama safu ya kwanza.

Alimpigia simu dada yake mchana ule ule.

"Dada, yafute yale maoni."

"Kwa nini? Nimekosea?"

"Dada, kamati ya vyeo inakaa mwezi ujao. Watu wanasoma yale."

"Nimekuuliza, nimekosea?"

Mdogo akaanza tena habari ya kamati. Dada akauliza polepole swali ambalo mdogo wake hakuwa amelisikia kwa miaka arobaini na nane: "Umehesabu, au umechungulia?"

"Dada, umenilea wewe. Usiniangushe leo."

Haya ndiyo maneno aliyoyatumia. Alijua fika kwamba hayo tu ndiyo yangemshinda nguvu. Marehemu aliyafuta maoni yake saa tisa alasiri. Jumatatu akamwandikia mratibu kwamba hatasoma tena, kwa kuwa hawezi kuomba wageni warudie kitu ambacho amekifumbia macho nyumbani. Makala ilipokelewa na jarida, mdogo akapanda cheo, zahanati kadhaa zikaanza kutumia kile kipimo. Watu walipomuuliza kwa nini Mama Rudia haonekani tena kikundini, alijibu: "Macho, unajua tena, umri." Alilisema mara nyingi hata likamtoka bila aibu, hadi Jumatano hii alipoliandika.

Mwezi Januari 2025 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Kijana wa maabara alipomletea majibu, aliyatazama na kusema, "Rudia, mwanangu." Yakarudiwa, yakatoka vile vile. "Haya," akasema, "sasa naugua rasmi." Mdogo wake alimtembelea kila Jumapili. Kila Jumapili aliulizwa kama amekula, naye alikula, na jambo lile likakaa katikati yao kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Tarehe 31 Agosti ndipo alipothubutu: "Dada, lile jambo la zile slaidi..." Marehemu akamshika mkono. "Mimi nilishalisoma," akasema. "Waambie ambao hawajasoma."

Aliishi siku tisa baada ya hapo. Siku tisa zote mdogo wake alikuwa na simu mfukoni na kompyuta mezani, na hakumwambia mtu. Jumanne tarehe 9 Septemba, saa tatu asubuhi, marehemu aliaga dunia nyumbani kwake, mume na binti wakiwa kando ya kitanda. Mdogo wake alikuwa darasani, anafundisha jinsi ya kukusanya takwimu.

Alhamisi shemeji alimkabidhi daftari la marehemu. Maoni yale yaliyofutwa yamo, kwa mwandiko wake ulionyooka. Mdogo alitegemea kukuta hasira. Kwenye safu ya Lililo Jema, chini ya jina la makala yake, marehemu alikuwa ameandika: "Ameweka majedwali yote wazi. Mwenye nia ya kudanganya moja kwa moja asingeyaweka. Atarudi." Mdogo wake alilia kwa aibu, mbele ya shemeji, akiwa bado na viatu miguuni na koti mabegani.

Siku hiyo hiyo aliliandikia jarida kuomba makala iondolewe, akakiandikia chuo, zahanati zile na mratibu wa kikundi kueleza alichofanya. Slaidi bado zipo katika masanduku yake, na mafundi wawili wa chumba namba sita wamekubali kuzihesabu, kila mmoja peke yake. Huenda kipimo kile ni kizuri, huenda ni kibaya. Hakuna anayejua, na kosa hilo ni lake. Leo saa nne asubuhi, tulipokuwa tukitoka nyumbani na mwili, kikundi kilikuwa kimekutana kama kawaida. Mratibu ameyarudisha maoni ya marehemu mahali pake, chini ya rasimu, kwa jina lake. Ndiyo rasimu ya mwisho aliyoisoma, na sasa hesabu ya mia moja na themanini na saba imetimia.

Mdogo wake haombi kusamehewa hapa, maana aliyekuwa na uwezo wa kumsamehe yuko ndani ya jeneza hili. Anaomba tu jambo la macho lisirudiwe na mtu yeyote tena.

Marehemu ameacha mume, binti, mama mdogo, mdogo mmoja, na wajukuu. Idadi ya wajukuu imehesabiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake. Mdogo wake amepata watatu. Shemeji amepata wanne, kwa kuwa binti ana ujauzito wa miezi mitano na ameruhusu isemwe. Majibu yamepishana, na tumeyaacha yalivyo.

Pumzika kwa amani, Dada. Safari hii hakuna aliyechungulia.