Mama Faili, Aliyejikata Jina Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo hakuvumilia taarifa yenye mapengo, kwa hiyo mdogo wake anayewasomea haya amekagua kila tarehe mara tatu.

Marehemu dada yetu, ambaye chuo kizima kilimwita Mama Faili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watano wa karani wa posta na mshona nguo, akasoma shule ya msingi tangu 1965 hadi 1971, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, kisha akajifunza uhazili kwa miaka miwili.

Tarehe 2 Januari 1978 aliajiriwa chuo kikuu kama mpiga chapa katika ofisi ya msajili, na tarehe 8 Agosti 1981 akafunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya ofisi hiyo, akarudi mara nne na taa ni nzima, wakajaliwa binti mwaka 1983 na mwana mwaka 1987.

Alijua kuandika muhtasari wa kikao hata wakubwa wakigombana, kupanga ratiba ya mitihani isigongane, kutunza siri, na kumbembeleza mwanafunzi anayelia dirishani hadi acheke, lakini cheo cha msajili msaidizi, alichokitamani kuliko chochote, kilidai shahada, naye hana, basi mwaka 2003, akiwa na miaka arobaini na mitano, akaanza masomo ya jioni.

Mwaka 2007 akamaliza, viti vikakodiwa, gauni likashonwa, na wiki moja kabla ya mahafali, akikagua orodha ya wahitimu 812, akakuta mmoja hajarudisha kitabu cha maktaba, na mmoja huyo, lahaula, ni yeye. Nyumba ilipekuliwa juu chini, wapi, bosi wake akamwambia ajipitishe tu, kwani nani atajua, akajibu kwamba wanafunzi kumi na wanne ameshawaondoa kwa kosa hilohilo, akachukua rula na kalamu nyekundu, akajikata jina, na cheo kikaenda kwa mwingine. Alilia siku hiyo, tusidanganyane.

Miezi miwili baadaye, akifagia, alikikuta kitabu chini ya mguu wa meza ya kulia, ambapo shemeji yetu, huyo hapo mbele anayeinamisha kichwa, alikuwa amekitia ili meza isitikisike, meza ileile waliyoizunguka kila jioni wakijiuliza kimekwenda wapi. Dada alicheka hadi akakaa sakafuni.

Alihitimu tarehe 21 Novemba 2008, na nafasi ilipotangazwa tena, mmoja wa wasaili aliuliza, mtu aliyejikata jina mwenyewe anatakiwa kuwa na sifa gani nyingine, dada akapewa cheo, akaanza kazi hiyo tarehe 2 Februari 2009, akaitumikia hadi kustaafu mwaka 2018.

Juni 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya moyo, akafariki tarehe 11 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe, ambaye alikuwa ametoka kumtania kuhusu ile meza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufua, wafanyakazi wenzake, na wale kumi na wanne aliowaondoa kwenye orodha, maana tisa kati yao wamekuja, wamekaa mstari wa tatu.

Dada, tumekagua, kitabu kilirudi, hudaiwi chochote, jina lako limo. Pumzika kwa amani.