Bang Ok-hui, Aliyewapima Wagonjwa Wakiwa Wameinama

Marehemu Bang Ok-hui alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 huko Yecheon, binti wa mkulima wa mpunga. Alisoma hapo hapo hadi sekondari, kisha akaenda chuo cha upigaji picha za ndani ya mwili hospitalini, mjini Daegu, akahitimu mwaka 1980. Baba yake alitaka awe mwalimu. Alimjibu kwamba watoto wa watu wangemtoa roho.

Aliajiriwa hospitalini Andong, na mashine ya ultrasaundi ilipofika aliishika, hakuiachia hadi alipostaafu mwaka 2018. Wakati wa baridi alipasha kwapani chupa ya jeli ya kupaka tumboni ili mgonjwa asishtuke. Matumbo ndiyo yaliyompa jina: ngiri, misuli iliyoachana baada ya uzazi, damu iliyovilia ndani ya msuli.

Mwaka 1984 aliolewa na Kwon Tae-sik, kaka wa mume wangu. Mimi, Maeng Sun-deok, niliingia nyumba hiyo baadaye, nikamwita Dada.

Sikukuu ya Mwaka Mpya 1993 nilipiga magoti kuwaamkia wakwe kwa desturi yetu, nikainamisha paji la uso hadi sakafuni, na kuinuka kukanishinda kwa maumivu ya pembeni mwa tumbo. Mwaka uliofuata nikaomba nisiiname. Lo! Mama mkwe aliwaka. “Mkamwana gani huyu? Tumbo lake linauma akiniona mimi tu?” Kosa langu sikulijua. Nilikuwa nimepimwa mara mbili, nikaambiwa ni mzima, na mume wangu mwenyewe alianza kunitilia shaka. Nilifungasha nguo nirudi kwetu.

Dada akanizuia mlangoni. “Walikupimaje?”

“Nimelala chali.”

“Basi ngiri nayo ililala! Twende. Mama, nawe twende.”

Chumbani kwake hakunilaza. Alitandika shuka chini, akaniwekea kipimo cha mashine chini ya kitovu, pembeni. “Mwinamie Mama. Polepole. Haya, inuka.” Kwenye kioo cha mashine msuli ukafunguka, kipande cha utumbo kikachungulia, kikajificha chini ya tabaka la nje la msuli. Ndiyo maana mkono wa daktari haukuweza kukipapasa.

Mama mkwe alishika mdomo. “Jamani, mtoto alikuwa anaumia kweli!”

“Mgonjwa hadanganyi, Mama,” Dada akasema. “Sisi ndio tuliomlaza vibaya.”

Nilipasuliwa mwezi uleule. Nguo zangu zikarudi kabatini, na sikuzifungasha tena.

Mwaka 2021 Dada alipatikana na saratani ya mapafu. Mawimbi ya mashine yake hayapenyi penye hewa, naye alicheka: “Nimeitumikia maisha yote, leo inajifanya hainioni.” Aliteseka, lakini alipouguzwa alikuwa akituuliza sisi kama tumekula. Alifariki tarehe 16 Novemba 2022, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Tumeumia sana.

Ameacha mume, Tae-sik, binti, Hye-rim, mwana, Jae-o, wajukuu watatu, na Mama mkwe wetu, mwenye miaka tisini na mitatu. Apumzike, Dada yetu, kazi ameifanya.

Sasa tutainama mbele ya picha yake. Kwa desturi yetu mkubwa hamwinamii mdogo aliyetangulia, na wazee wamemkumbusha Mama hivyo. Asubuhi hii ameniambia, “Waache waseme. Wewe nishike tu, nisishindwe kuinuka.” Nitamshika.