Mama Kasoro Anunua Shamba

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mwenzetu tunayemwita Mama Kasoro atafunga droo ya meza yake ya dirishani na kukabidhi funguo. Atakuwa ameitumikia ofisi hii ya udalali wa mashamba kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Hiyo miezi minne ameisisitiza mwenyewe. Rasimu yangu ya kwanza ya wasifu huu ilisema miaka thelathini na ushei, akairudisha ikiwa imechorwa wino mwekundu, na pembeni ameandika kwamba ushei si kipimo.

Hakuajiriwa kuuza mashamba. Aliajiriwa kupiga chapa, enzi hizo ofisi nzima ikiwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, harufu ya rangi ikipanda hadi kwenye mafaili. Tofauti na wapiga chapa wengi, yeye alisoma alichokuwa anapiga. Baada ya miezi michache alimwuliza meneja wa wakati ule inakuwaje kila shamba linalouzwa na ofisi hii ni zuri, tambarare na lenye rutuba, kana kwamba mabaya yote yamekwisha duniani. Meneja alicheka. Miaka miwili baadaye dalali mmoja alikwenda likizo na hakurudi tena, na meneja, ambaye hakuwa amelisahau lile swali, akamtuma bibie akayaone hayo mashamba kwa macho yake. Aliondoka asubuhi na viatu vya kisigino, akarudi pekupeku, viatu mkononi, na karatasi tano za maelezo. Siku ya pili alikwenda kununua mabuti.

Jina la Mama Kasoro hakupewa na wambea wa ofisini, kama wageni wanavyodhani. Alilipata kwa kosa, na kwa kuwa yeye mwenyewe hulisimulia kosa hilo kwa kila mfanyakazi mpya, sioni sababu ya kulificha hapa.

Katika mwaka wake wa tatu wa kuuza mashamba alimwuzia mwalimu mmoja ekari mbili kando ya bonde. Ulikuwa wakati wa kiangazi, udongo mweusi, upepo safi, na mwalimu alipenda kila alichokiona. Mama Kasoro alikuwa ameona alama ya tope kwenye vigogo vya miti, usawa wa goti. Alijua maana yake. Hakudanganya neno lolote, maana hakuulizwa. Mvua zilipokuja, kijito kilipita katikati ya mahindi ya mwalimu na kuyalaza yote. Ofisi haikulaumiwa, kwa sababu mwalimu alidhani ni bahati mbaya yake. Mama Kasoro alikwenda kumwambia ukweli. Kisha alichukua likizo yake ya mwaka, wiki nne kamili, akaenda kuchimba mtaro na kupanda upya bega kwa bega na mwalimu na watoto wake. Aliporudi, viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na akapiga chapa ukurasa mmoja ambao sote tunaujua.

Ndiyo karatasi ya kasoro. Msomaji mgeni aelewe hivi: mnunuzi akifikishwa shambani na dalali wa ofisi hii, halioni kutoka ndani ya gari. Anatembezwa mpaka wote kwa miguu, jiwe hadi jiwe, majirani wakiwapo. Kisha dalali anasimama katikati ya shamba na kumsomea kwa sauti kila ubaya wa mahali pale, mmoja baada ya mwingine, hata muuzaji akinuna. Mpaka karatasi iishe, bei haitajwi. Mimi nimewahi kumsikia Mama Kasoro akisoma, bila kutikisa kope, kwamba jirani wa kusini ana jogoo anayewika saa nane ya usiku. Kwamba barabara ni nzuri hadi mvua ianze, na baada ya hapo si barabara. Kwamba muuzaji bado analipenda shamba lake na huenda akawa anapita pita kulitazama. Muuzaji huyo alikuwa amesimama palepale. Alikiri kuwa ni kweli.

Mwaka wa kwanza wa karatasi hiyo nusura umwachishe kazi. Wanunuzi walitimua mbio, na mauzo yake yakawa ya mwisho ofisini. Meneja alimwita mara tatu, na mara tatu alitoka na msimamo uleule. Mwaka wa pili watu wakaanza kupanda ngazi wakimtafuta yule mama anayesema kasoro. Tangu hapo jina likaganda, na biashara ikakua. Zaidi ya familia elfu moja zimeingia mashambani zikiongozwa na mabuti yake, na hakuna hata mpaka mmoja alioutembea yeye uliofikishwa mahakamani. Sisi tuliofanya kazi chini yake tunalitaja jambo hilo kwa majivuno, na hatuombi radhi.

Si kwamba alikuwa mtu rahisi. Dereva wetu anasema amemzeesha kabla ya wakati, kwa kumtaka asimame kila penye kisima ili ayaonje maji. Majirani wa shamba aliwaamkia kabla ya mwenye shamba, na kwa wazee wa pale alikaa hata saa mbili, mnunuzi akipigwa na jua. Mimi karatasi yangu ya kwanza kabisa niliiandika kwa mistari miwili, kwamba shamba halina kasoro yoyote. Aliisoma, akaikunja vizuri, akanipa nauli ya basi na kunirudisha kule nikakae kutwa nzima. Nilirudi na kasoro kumi na moja. Aliniambia ya kumi na mbili nimeiacha, na mpaka leo hajaniambia ni ipi.

Sasa nifike mwezi wa pili mwaka huu, kwa sababu wasifu usiofika hapo haujamweleza.

Asubuhi moja alipita meza yake, akaja kuketi mbele yangu kwenye kiti cha wateja. Nilidhani nimekosea faili. Akaweka mkoba magotini.

"Leo mimi ni mteja," akasema. "Andika."

Mumewe ni fundi cherehani, na wengi wetu tumevaa nguo alizoshona. Wameishi ghorofa ya tatu ya nyumba ya kupanga tangu walipooana, cherehani ikiwa sebuleni, kitambaa kila pahala. Karibu mwaka mzima alikuwa akimwomba binti wa jirani amtungie uzi kwenye sindano, kwa kisingizio cha kuchoka. Daktari alipompima alisema macho yote mawili yanakwenda, na dawa itachelewesha tu. Kabla ya mwaka kwisha, alisema, huenda asione kitu. Fundi alilipokea kwa utulivu. Alikuwa na ombi moja kwa mkewe: lile shamba walilopanga kununua na kuhamia mama akistaafu, wahamie mapema, ili apate kulikariri wakati bado analiona. Ajue mlango uko wapi, mti uko wapi, ardhi inainama wapi. Giza likija, limkute mahali anapopajua.

Na huyu mama, aliyezitafutia familia zaidi ya elfu moja, hakuwa na shamba lake. Alikuwa akisubiri lililo sawa.

Nilikubali kazi hiyo kwa fahari, na ndani ya wiki mbili fahari ikanitoka puani. Sijapata kuhudumia mteja mgumu kama yeye. Shamba la kwanza lilikuwa na mwinuko ambao mzee angejikwaa. La pili, kisima chake kina chumvi. La tatu, majirani wamenuniana. La nne aliligomea tukiwa bado njiani, akinusa tu hewa. La tano lilikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, bati zima, udongo mzuri na majirani wacheshi, lakini kisima kiko mbali na mlango wa jikoni, na njia ya kwendea inakatwa na mzizi mkubwa. Alisimama juu ya mzizi ule, akatikisa kichwa, akarudi garini. Tukaenda la sita, la saba, la nane. Kila mara fundi alikaa kiti cha nyuma, akiuliza kwa upole kama hili ndilo, na kila mara nikamsikia mkewe akijibu kwamba bado kidogo.

Mwezi wa tano walikwenda tena kwa daktari. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. Asubuhi iliyofuata alikuja ofisini kama kawaida na kuniuliza kuna shamba gani jipya. Mimi nimelelewa kazini na mama huyu, na sikuwa nimewahi kumpinga. Siku hiyo nililifunga faili.

"Mama," nikamwambia, "mzee hataki shamba lisilo na kasoro. Anataka shamba atakalowahi kuliona."

Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, na kutwa nzima nilijiona nimemvunjia heshima mtu aliyenifundisha kila ninachokijua. Kesho yake saa mbili kasoro alikuwa tayari kwenye kiti cha wateja, mabuti miguuni. Aliomba faili la shamba la tano.

Tulitembea mpaka wote, jiwe hadi jiwe, fundi akiwa ametangulia na kugusa kila jiwe kwa kiganja. Kisha nikasimama katikati na kusoma. Kasoro tisa. Ya kwanza ilikuwa umbali wa kisima, ya pili ule mzizi. Ningeruka nini mbele ya mtu kama huyo? Nilipomaliza aliongeza nne ambazo sikuziona. Fundi akauliza kama na yeye anaweza kuandikiwa karatasi yake, asomewe hapohapo, mkewe ajue anahamia na mzee wa namna gani. Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Kasoro alicheka kuliko wote, akaweka sahihi juu ya boneti ya gari.

Walihamia ndani ya wiki ile. Kwa siku za kazi yeye huja mjini kwa basi la alfajiri, analalamikia barabara, na hajachelewa hata siku moja. Fundi hubaki akitazama. Binti wa jirani aliyekuwa akimtungia uzi alikwenda kumtembelea, akasema mzee anatazama shamba kama mwanafunzi anayesubiri mtihani.

Jumamosi iliyopita wafanyakazi wote tulikwenda kuwasalimu. Baada ya kula, fundi alisimama mlangoni pa jikoni, akatuomba tukae kimya, akayafumba macho yake. Akaanza kwenda kisimani. Hakushika fimbo. Alitembea taratibu kama mtu anayepima kitambaa, midomo ikihesabu hatua, na mkewe nyuma yake hatua mbili, mikono ameifungia mgongoni ili isimshike. Akafika penye mzizi. Fundi aliinua mguu juu, akauvuka, akainua wa pili, akaendelea. Hatua ya sitini na nne alinyoosha mkono, na kiganja kikatua juu ya ukingo wa kisima.

Nilimtazama mama yetu usoni, nikingoja aseme kwamba kamba ya ndoo imechakaa. Alikuwa akilia na kutabasamu kwa pamoja, mbele yetu wote, wala hakujificha.

Mama, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kutufundisha kusema ukweli tukiwa tumesimama mahali penyewe. Ofisi hii inatembea kifua mbele kwa sababu yako. Ishi vizuri na mzee wako, mpate afya na siku nyingi za amani. Kisima hakiko mbali.